Mafunzo ya Wakuu wa Shule za Vijijini: Tuyapime kwa Kipimo Gani?

Wakati wa likizo wakuu wengi wa shule za sekondari za Kanisa huitwa kwenye semina. Hukaa siku tano, au pengine majuma mawili, katika chuo au nyumba ya mafungo. Husikiliza mafundisho juu ya bajeti, sheria za kazi, usimamizi wa walimu na malezi ya wanafunzi. Mwishoni hupewa cheti, hupigwa picha ya pamoja, na kila mmoja hurudi kwake. Nauli, chakula, malazi na malipo ya wakufunzi hutoka katika mfuko wa jimbo, wa shirika la kitawa au wa shule zenyewe. Na mfuko wa shule, kama kila mzazi ajuavyo, hujazwa kwa ada. Kwa hiyo si utovu wa adabu mzazi akiuliza: Je, mafunzo hayo yameifaa nini shule anayosoma mwanangu?

Somo letu la leo ni juu ya swali hilo. Hatukusudii kuwabeza wakuu wa shule, ambao wengi wao hufanya kazi ya watu watatu kwa posho ya mmoja. Twasema tu ya kuwa kitu kisichopimwa hakijulikani kama kimekua au kimedumaa. Na mafunzo ya uongozi ni miongoni mwa mambo tuliyozoea kuyasifu pasipo kuyapima.

Kwa nini jambo hili latuhusu

Mwaka 1969 Sheria ya Elimu iliziweka shule nyingi za mashirika ya dini chini ya Serikali, na Kanisa likabakiwa hasa na seminari. Baadaye mlango ulifunguliwa tena, na mwaka 1992 Makanisa ya Kikristo na Serikali ya Tanzania walitia sahihi mapatano juu ya huduma za elimu na afya. Leo majimbo na mashirika ya kitawa yana shule nyingi za sekondari, na si chache zipo mbali na miji, mahali ambapo barabara ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika.

Yatupasa kutambua tofauti moja kubwa. Katika shule ya Serikali mshahara wa mwalimu hutoka Hazina. Katika shule ya Kanisa mwalimu hulipwa hasa kwa ada. Ada ikichelewa, mshahara huchelewa. Mshahara ukichelewa miezi mitatu, mwalimu wa hisabati hutafuta kazi kwingine. Naye akiondoka katikati ya mwaka, anayeumia ni mtoto wa kidato cha nne aliyebakiwa na miezi michache kabla ya mtihani.

Tena, tangu mwaka 2016 shule za sekondari za Serikali hazitozi ada kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na tangu mwaka 2022 hata katika kidato cha tano na cha sita. Mzazi anayeuza mahindi, kahawa au ng'ombe ili alipe ada katika shule ya Kanisa ameacha cha bure akachagua cha kulipia. Amefanya hivyo kwa tumaini la malezi mema na mafundisho bora. Tumaini hilo ni deni juu yetu.

Sheria ya Kanisa haikulisahau deni hilo. Kanuni ya 806 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yampa Askofu wa jimbo haki ya kuziangalia na kuzitembelea shule katoliki zilizomo jimboni mwake, hata zile zilizo mikononi mwa watawa. Tena yawadai viongozi wa shule hizo wahakikishe ya kuwa elimu inayotolewa humo haipungui kwa ubora elimu ya shule nyingine za mahali hapo. Basi shule katoliki haiwezi kujitetea kwa kusema ya kuwa inafundisha sala vizuri, wakati hisabati haina mwalimu.

Mzigo wa mkuu wa shule

Mkuu wa shule ya kijijini mara nyingi ni padre, sista, bruda au mwalimu mlei aliyesomea teolojia, biolojia au lugha. Pengine amekuwa mwalimu hodari darasani. Lakini siku anapoteuliwa hukabidhiwa funguo, muhuri na madeni. Tangu hapo yeye ndiye mwenye kujibu juu ya jiko na bweni, kisima na gari, mikataba ya walimu, kodi, michango ya hifadhi ya jamii, mitihani ya Taifa, wadhibiti ubora wa shule, bodi, wazazi na Askofu. Kufundisha vizuri ni kazi moja. Kuwawezesha wengine wafundishe vizuri ni kazi nyingine, nayo ina elimu yake.

Elimu hiyo yapatikana nchini. Bagamoyo kuna Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, yaani ADEM, ambao mwaka 2001 ulichukua nafasi ya chuo kilichojulikana kwa jina la MANTEP. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, nacho hufundisha uongozi na mipango ya elimu. Pamoja na hayo zipo semina fupi za majimbo na mashirika. Hatuna upungufu wa mafundisho. Tulichopungukiwa ni desturi ya kufuatilia mwanafunzi wa mafunzo hayo mpaka ofisini mwake, jikoni mwake na darasani mwake.

Ngazi nne za kipimo

Kuanzia mwaka 1959 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, jina lake Donald Kirkpatrick, alieleza ya kuwa mafunzo ya watu wazima hupimwa kwa ngazi nne. Mafundisho yake yametumika duniani hata leo, nayo ni mepesi kueleweka.

Ngazi ya kwanza ni kuuliza: Je, waliofundishwa wameyapenda mafunzo? Hiki ndicho kipimo kilichoenea kuliko vyote. Siku ya mwisho hugawiwa karatasi, na kila mmoja huandika kama mkufunzi alieleweka na kama chakula kilitosha. Si kipimo kibaya, maana mtu aliyechukia somo halishiki. Lakini kupenda si kujua.

Ngazi ya pili: Je, wamejifunza? Mkuu aliyefundishwa bajeti apewe hesabu ya shule, aitengenezee bajeti. Aliyefundishwa kumwangalia mwalimu darasani aoneshwe kipindi kimoja, kisha aseme mwalimu afanye nini ili asaidike. Asiyeweza kutenda katika semina hatatenda akiwa peke yake kijijini.

Ngazi ya tatu: Je, amebadili utendaji wake aliporudi kazini? Hapa semina nyingi huachwa njiani. Mtu aweza kujua yote, lakini akirudi akakuta mhasibu hataki kuonesha vitabu, bodi haikutani, na simu ya madeni inalia tangu asubuhi, huyarudia ya zamani. Kipimo hiki hakifanyiki siku ya kugawa vyeti. Hufanyika baada ya miezi mitatu, sita na kumi na miwili, na mpimaji sharti afike shuleni.

Ngazi ya nne: Je, shule imekuwa bora zaidi? Yaani, wanafunzi wamejifunza zaidi, wamekula vizuri zaidi, wamekaa salama zaidi, na shule haina deni lililozidi la jana? Hili ndilo lengo lenyewe. Ngazi tatu za kwanza ni njia tu ya kulifikia.

Wengine wameona nini

Si kila mafunzo huzaa matunda, na yanayozaa hayazai kwa namna moja. Mwaka 2015 wachumi Nicholas Bloom, Renata Lemos, Raffaella Sadun na John Van Reenen walitoa uchunguzi wa shule za sekondari zaidi ya 1,800 katika nchi nane. Waliona ya kuwa penye uongozi bora ndipo palipo na matokeo mazuri ya wanafunzi. Hayo yatupa moyo. Lakini kuona ya kuwa uongozi bora wafaa si sawa na kuona ya kuwa semina huleta uongozi bora.

Katika mji wa Houston, Marekani, mchumi Roland Fryer alijaribu jambo hilo lenyewe, na akatoa taarifa yake mwaka 2017. Wakuu wa shule kadhaa, waliochaguliwa kwa kura, walipewa mafunzo ya saa 300 katika miaka miwili: jinsi ya kusimamia maandalio ya masomo, kutumia matokeo ya majaribio, na kuwatembelea walimu darasani. Mwaka wa kwanza wanafunzi wao waliendelea kuliko wa shule nyingine. Mwaka wa pili faida hiyo haikuonekana kwa hakika. Tena ilidhihirika ya kuwa faida ilikuwa kubwa zaidi penye wakuu wenye kudumu shuleni na wenye kuyatekeleza waliyofundishwa.

Karibu zaidi na hali yetu ni habari ya Gambia. Huko shule za msingi 273 ziligawanywa katika makundi: moja lilipewa mafunzo ya uongozi kwa mkuu, walimu na wawakilishi wa wazazi, pamoja na ruzuku, jingine ruzuku peke yake, na jingine halikupewa kitu. Baada ya miaka kadhaa, katika kundi lililofundishwa utoro wa wanafunzi na wa walimu ulikuwa umepungua. Lakini alama za majaribio, kwa wastani, hazikupanda.

Tujifunze nini hapo? Kwanza, utendaji hubadilika kabla ya matokeo ya mtihani. Mwenye haraka atavunjika moyo. Pili, kumfikisha mwalimu darasani ni hatua ya lazima, lakini haitoshi; lazima pia aangaliwe anafundisha nini akiwa humo. Tatu, mkuu anayehamishwa huondoka na mafunzo yake.

Mambo matano ya kuhesabu

Shule ya kijijini haihitaji mitambo ili ijipime. Yahitaji daftari, kalamu na ukweli. Mambo haya matano yaweza kuandikwa na shule yoyote, mwezi baada ya mwezi, kabla na baada ya mafunzo.

La kwanza ni vipindi vilivyofundishwa. Tuseme shule ina walimu 18, na kila mmoja ana vipindi 24 kwa juma. Jumla ni vipindi 432. Kipindi kimoja katika kila kumi kisipofundishwa, vinapotea vipindi 43 kila juma. Katika majuma 12 ni vipindi 516. Hiyo ni ada iliyolipwa na isiyofanyiwa kazi. Kiranja wa darasa aweza kutia alama katika daftari kila kipindi, na mkuu akalisoma kila Ijumaa.

La pili ni mishahara na makato. Je, mshahara hulipwa tarehe iliyoandikwa katika mkataba? Je, michango ya hifadhi ya jamii inayokatwa hupelekwa kweli? Ni jambo la aibu, tena ni dhuluma, mwalimu afikie uzeeni ndipo agundue ya kuwa fedha zilizokatwa katika jasho lake hazikufika zilikotakiwa.

La tatu ni ghala la chakula. Baada ya mavuno mahindi huwa rahisi; ifikapo Januari na Februari bei hupanda. Mkuu mwenye mpango hutenga fedha mapema, hununua wakati wa mavuno, hukausha na kuhifadhi vizuri ili dumuzi wasishambulie. Asiye na mpango hununua gunia mojamoja kwa bei ya njaa, tena kwa mkopo. Ukitaka kujua kama mafunzo ya bajeti yameingia, usiombe cheti. Omba ufunguo wa ghala mwezi wa Agosti.

La nne ni walimu wanaobaki. Shule inayobadilisha mwalimu wa fizikia mara tatu katika miaka miwili haina mwalimu wa fizikia, hata kama jina limejazwa katika orodha. Iandikwe ni wangapi wameondoka, na kila mmoja aulizwe sababu.

La tano, ambalo ni kubwa kuliko yote, ni hali ya watoto wenyewe. Wangapi wameacha shule mwaka huu, na kwa sababu gani? Wangapi wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na walipoteza siku ngapi? Bwenini nani hulala karibu nao, na mtoto aliyeonewa amwendee nani? Shule yenye vitabu safi vya hesabu lakini yenye watoto wanaoogopa kusema, uongozi wake haujafaulu.

Tujihadhari na kipimo cha udanganyifu

Wengi hupenda kupima shule kwa matokeo ya kidato cha nne peke yake. Matokeo hayo ni ya maana, lakini yaweza kutudanganya. Shule yaweza kupandisha wastani wake kwa kuwaondoa wanyonge kabla ya mtihani, au kwa kuwapokea tangu mwanzo wale tu waliokwisha kufaulu. Hapo jina la shule hupanda, wala hakuna mtoto hata mmoja aliyefundishwa vizuri zaidi. Kwa shule ya Kanisa hiyo ni njia mbaya maradufu, maana imemwacha yule aliyeihitaji kuliko wengine.

Kipimo cha haki ni kumfuata mtoto yuleyule: alikuwa wapi katika mtihani wa Taifa wa kidato cha pili, na amefika wapi katika kidato cha nne? Na pamoja na hayo: katika wale walioanza kidato cha kwanza, wangapi wamefika mwisho?

Hatari nyingine ni kuyasifu mafunzo kwa mambo yasiyotokana nayo, au kuyalaumu bure. Mvua ikinyesha vizuri, wazazi hulipa ada, na shule zote husitawi; ikikosekana, zote huyumba. Dawa yake ni rahisi. Tuseme jimbo lina shule kumi, na fedha za kufundisha viongozi wa shule tano kwa mwaka. Zipimwe zote kumi kwanza. Kisha ipigwe kura, tano zitangulie na tano zifuate mwaka unaokuja. Mwisho wa mwaka wa kwanza zilinganishwe. Mvua na bei za mazao zimezigusa zote. Tofauti itakayoonekana yaweza kutufundisha jambo. Shule kumi ni chache, na hazitatupa uhakika wote. Lakini ushahidi mdogo uliokusanywa kwa haki ni bora kuliko sifa nyingi za siku ya kufunga semina.

Mtu mmoja hatoshi

Kidole kimoja hakivunji chawa. Desturi ya kumfundisha mkuu peke yake ina kasoro mbili. Akirudi, mhasibu hamwelewi, makamu wake hamwungi mkono, na mwenyekiti wa bodi husema mambo hayo ni mageni. Na akihamishwa, hasa akiwa mtawa au padre anayepewa utume mwingine kwa utii, shule huanza upya kama kwamba haikufundishwa kamwe.

Kwa hiyo twashauri wafundishwe pamoja watu wanne wa kila shule: mkuu, makamu wake, mhasibu, na mjumbe mmoja wa bodi. Mafunzo yenyewe yagawanywe: siku chache chuoni, kisha miezi ya kutenda shuleni, kisha kurudi na daftari mkononi. Na wale wenye mamlaka ya kuhamisha wazingatie muda. Twajua ya kuwa haja za Kanisa ni nyingi na wafanyakazi ni wachache. Lakini kumfundisha mtu mwezi wa Juni na kumwondoa mwezi wa Desemba ni kupanda mbegu na kuhamisha shamba. Inapokuwa hakuna budi kumhamisha, makabidhiano yafanyike kwa maandishi: madeni, mikataba, ghala, na yale mambo matano tuliyoyataja.

Wajibu wa kila mmoja

Ofisi ya elimu ya jimbo iandike hali ya kila shule kabla ya semina, wala isiruhusu semina nyingine kabla ya kujua ile ya kwanza imezaa nini. Bodi ya shule isome taarifa ya mambo matano katika kila kikao. Mkuu wa shule asione kupimwa kuwa ni kushtakiwa. Mganga hupima homa ili atibu, si ili aaibishe. Akionekana amekwama, aongezewe msaada kwanza.

Nanyi wazazi, msiridhike na hotuba za siku ya mahafali. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo la mwaka 1965, ulikumbusha ya kuwa wazazi ndio waalimu wa kwanza wa watoto wao. Mwalimu wa kwanza ana haki ya kujua msaidizi wake anafanya nini. Lipeni ada kwa wakati, maana hakuna mafunzo yatakayomwezesha mkuu kulipa mishahara kwa fedha ambazo hazikuletwa. Kisha, katika mkutano wa wazazi, ulizeni kwa upole na kwa uthabiti.

Maswali ya kujadiliana katika familia na jumuiya

1. Shule wanamosoma watoto wetu, mkuu wake amekaa miaka mingapi, na waliomtangulia walikaa mingapi?

2. Mtoto wetu akija likizo, je, huwa tunamwuliza alama zake tu, au pia ni vipindi vingapi alivyokaa darasani bila mwalimu?

3. Ni jambo gani moja, kati ya yale matano, tutakaloliomba liandikwe na kusomwa katika mkutano ujao wa wazazi?

Cheti cha semina ni ahadi tu, na jibu lake limo shuleni: katika daftari la vipindi, katika ghala, na katika utulivu wa mtoto anayelala bwenini mbali na mama yake. Huko ndiko tukapime.